Ukiishi Kitengela, GTI inakutosha

Jumamosi asubuhi pita mahali popote pa kuoshea magari kando ya barabara ya Namanga, kuanzia Athi River hadi Kitengela mjini, utaziona: Volkswagen Golf zilizopakwa povu, rimu nyeusi, eksosi mbili kwa hii na nne kwa ile, na wenyewe wamesimama kando wakibishana. Zamani ubishi wa vijana wa huku ulikuwa Subaru na Mitsubishi. Siku hizi umehamia kwenye gari moja lenye majina mawili. Uchukue Golf GTI au Golf R? Nausikia kwa kinyozi, nausikia nje ya kanisa baada ya ibada, nausikia hata kwenye vyama vya akiba na mikopo, ambako kijana anaomba pesa na kamati inataka kujua ni gari gani hilo linalomkosesha usingizi.

Naweka msimamo wangu wazi mapema. Kwa familia yenye mfuko mmoja, inayoishi Kitengela, Isinya au Kajiado mjini na kutafuta riziki Nairobi, GTI ndiyo chaguo la busara. R ina uwezo mkubwa zaidi, na hilo halina ubishi. Lakini uwezo huo wa ziada unahitaji barabara ambazo sisi hatuna, ilhali gharama yake inabisha hodi nyumbani kila mwezi.

Injini ya ukoo mmoja, hesabu mbili

GTI ya kwanza iliingia sokoni mwaka 1976 ikiwa na injini ya lita 1.6 na nguvu farasi 110. Lilikuwa gari la familia, la kubebea watoto na mboga, lakini lenye mwendo wa kumchangamsha dereva. R ilifuata mwaka 2002 kwa jina la R32, na tangu mwanzo ilisukumwa na magurudumu yote manne.

Zinazobishaniwa huku kwetu ni hasa za kizazi cha saba, kilichozinduliwa 2012 na kuboreshwa 2017, pamoja na kizazi cha nane kilichofuata. Nyingi hutoka Japani na Uingereza, ambako usukani uko upande wa kulia kama kwetu. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka minane, zile za mwanzo za kizazi cha saba haziwezi tena kupita bandari ya Mombasa. Zilizoko zinauzwa humu humu nchini, kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

Fungua boneti uone. Zote mbili zina injini ya petroli ya lita mbili yenye turbo, ya ukoo mmoja unaoitwa EA888. GTI ya 2013 ilikuwa na farasi 220. R ya wakati huo ilikuwa na 300, ingawa zilizouzwa Japani zilipunguzwa hadi 280. Baada ya maboresho ya 2017, GTI ilipanda hadi 230, GTI Performance hadi 245, na R hadi 310. Kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa, GTI ya 2013 huchukua takriban sekunde 6.5, na R yenye giaboksi ya kujiendesha sekunde 4.9.

Tofauti nyingine iko chini ya sakafu. GTI husukumwa na magurudumu ya mbele. R ina mfumo wa 4Motion, ambao wakati mwingi huacha nguvu nyingi mbele, kisha mtambo uitwao Haldex hupeleka sehemu nyuma pale magurudumu ya mbele yanapoanza kuteleza. Basi ubishi wote, ukiuchuja, unabaki na mambo mawili: farasi wapatao 80 na ekseli ya nyuma inayosukuma. Je, mkazi wa Kitengela atavitumia wapi?

Farasi 80 watakimbilia wapi?

Tuifuate safari ya kila siku. Mtu anaondoka nyumbani Milimani au Yukos kabla ya jua kuchomoza ili aukwepe msongamano. Anakwenda taratibu kwenye njia ya vumbi hadi akamate lami. Kwenye barabara kuu anakutana na malori ya saruji, matrela yanayotoka mpakani Namanga, matatu zinazochomoka bila taa ya ishara na bodaboda pande zote mbili. Anapanda tuta, anashuka, anapanda jingine. Akifika Mlolongo na akiwa na pesa ya kulipia, anaingia barabara ya Expressway, kilomita 27 hadi Westlands, ambako mwendo wa juu unaoruhusiwa ni kilomita 80 kwa saa. Jioni anarudi vivyo hivyo, tena amechoka.

Katika safari hiyo, ni wapi sekunde moja na nusu ya tofauti ilihitajika?

Atakayejibu atasema: ngoja wikendi, twende Kajiado, Ilbissil, hadi Namanga, kule barabara imenyooka. Ni kweli imenyooka. Lakini hakuna barabara ya Kenya inayomruhusu mwenye gari dogo kupita kilomita 110 kwa saa, na mijini mwisho ni 50. Kwa kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016, kuzidisha kwa kilomita 6 hadi 10 ni faini ya shilingi 500, kwa 11 hadi 15 ni 3,000, na kwa 16 hadi 20 ni 10,000. GTI ikishafika 100 kwa sekunde sita na nusu, haibakiwi na zaidi ya kilomita kumi za halali. Kulipita trela salama, nguvu yake ya kuvuta ya Nm 350, inayopatikana tangu mizunguko 1,500 ya injini, inatosha na kubaki.

Tena barabara hii ina wenyewe. Jioni, kati ya Isinya na Kajiado, ng'ombe na mbuzi hurejeshwa manyattani, na mchungaji mara nyingi ni mtoto. Punda huvuka bila kuangalia. Usiku pundamilia hutokea gizani kwenye nyanda ambazo mababu zao walizipita kabla ya lami. Hapo kinachookoa maisha ni breki na jicho la dereva. Magurudumu manne yanayosukuma husaidia gari kuondoka, hayalisaidii kusimama. Mwenda pole hajikwai, na katika barabara ya Namanga methali hiyo ina makaburi ya kuishuhudia.

Nitakubali jambo moja hapa. R ina diski kubwa za mbele, milimita 340, ilhali GTI ya kawaida ya kizazi cha saba ina 312. Lakini GTI Performance ilipewa diski hizo hizo za 340, pamoja na kifungio cha difu (diff lock) kwenye ekseli ya mbele kinachoyazuia magurudumu kuteleza ovyo kwenye kona. Mwenye kuogopea breki ana jibu lake bila ya kuhama jina.

Matope ya Kitengela na ahadi ya magurudumu manne

Hoja ninayoisikia zaidi kutoka kwa wanaotaka R ni hii: "Huku kwetu ni udongo mweusi. Mvua ikinyesha, bila magurudumu manne hufiki nyumbani." Hoja hii ina uzito kwa sababu shida yenyewe ni ya kweli. Kitengela imekua haraka mno. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 150,000 katika mji ambao wengi wetu tuliujua kama soko la Noonkopir na malisho ya ng'ombe. Ploti ziliuzwa kabla ya barabara kuchongwa. Ndiyo maana familia yenye nyumba nzuri ya ghorofa moja inatenganishwa na lami kwa kilomita mbili za udongo ambao ukikauka hupasuka nyufa za kuingia mkono, na ukilowa hunata na kuteleza kwa wakati mmoja.

Lakini tuangalie kinachotokea gari dogo likiingia humo. Udongo huo hujaza mifereji ya tairi kabla ya mzunguko wa tatu, na tairi ya lami, iwe inasukumwa au haisukumwi, inakuwa laini kama chupa. Kisha udongo hujikusanya ndani ya matao ya magurudumu hadi tairi inasugua. Malori ya mchanga na maboza ya maji yameshachimba mitaro miwili mirefu na kuacha tuta katikati. Gari linaingiza magurudumu mitaroni, tumbo linakaa juu ya tuta, na magurudumu yote manne yanazunguka hewani. Kinachokosekana hapo ni urefu kutoka ardhini, na urefu huo 4Motion haina namna ya kuuleta.

R iko chini kuliko GTI. Kiwandani, GTI ilishushwa milimita 15 kutoka Golf ya kawaida, na R ikashushwa 20. Gari ambalo mtu analinunua kwa ajili ya matope ndilo litakalokuwa la kwanza kukalia tumbo. Na likikwama, kamba inafungwa, trekta inavuta, bampa la mbele linabaki matopeni pamoja na kinga ya plastiki ya chini ya injini.

Wengine hunikumbusha Safari Rally. Wanasema Colin McRae alishinda 1999 na 2002 kwa Ford Focus, gari dogo lenye mlango wa nyuma wa kuinuliwa kama Golf, na kwamba siku hizi mashindano hayo, kule Naivasha, yanatawaliwa na Toyota Yaris. Ni kweli, na fahari ya Safari ni yetu sote. Lakini gari la mashindano huinuliwa, hufungwa bamba la kinga tumboni, huvalishwa tairi za kazi hiyo na kufuatwa na kikosi cha mafundi wenye vipuri. Lililotoka yadi kwa mkopo halina hata kimoja cha hivyo.

Anayesumbuliwa na matope ana njia tatu za kweli: kuchanga na majirani wamwage changarawe na kuchimba mitaro ya kupitisha maji, kuibana serikali ya kaunti hadi barabara ya mtaa iingie kwenye bajeti, au kununua gari lililoinuka. Pesa za ziada za R zingelipia malori kadhaa ya changarawe, na changarawe hiyo ingemfaa hata mama mjamzito wa jirani anayehitaji teksi usiku wa mvua.

Kila shilingi huja na mwenzake

Tuingie mfukoni. Watu wengi hulinganisha bei ya GTI na R huko Japani, wakaona tofauti si ya kutisha. Wanasahau kwamba ushuru wetu hupandiana mmoja juu ya mwingine.

Chukua kila shilingi 100,000 za thamani ya gari forodhani. Kwa viwango vilivyopo ninapoandika haya, ushuru wa forodha wa asilimia 35 unakula 35,000. Ushuru wa bidhaa, ambao kwa injini ya lita mbili ni asilimia 25, unahesabiwa juu ya 135,000, nao ni 33,750. VAT ya asilimia 16 inaangukia 168,750, yaani 27,000. Ongeza ada ya uagizaji ya asilimia 2.5 na tozo ya reli ya asilimia 2, ambazo ni 4,500. Jumla ni shilingi 100,250. Kila shilingi unayoiongeza kwenye thamani ya gari inaita mwenzake kwa ajili ya serikali.

Tuseme R imezidi GTI kwa 400,000 forodhani. Gari likiwekwa nambari ya usajili, tofauti imeshakaribia 800,000. Ikiwa pesa hizo ni za mkopo wa miaka minne, ongeza riba. Bima kubwa hukokotolewa kwa asilimia ya thamani ya gari, kwa hiyo nayo inapanda, kila mwaka. Sasa muulize mama wa nyumba hiyo ya Kitengela 800,000 zingefanya nini. Atakutajia karo, tangi kubwa la kuvunia maji ya mvua ili waache kununua ya boza, ukuta ambao haujaisha, na baba mkwe anayehitaji kliniki ya sukari. Hatahitaji kalamu.

Kisha zinakuja tairi. GTI yenye rimu za inchi 17 huvaa tairi za kipimo cha 225/45, ambapo kati ya rimu na lami kuna ukuta wa mpira wa milimita 101. R yenye rimu za inchi 19 huvaa 235/35, na ukuta huo ni milimita 82. Karibu sentimita mbili za mpira zimeondoka, na hizo ndizo zinazoamua shimo likipigwa usiku kama utaendelea na safari au utasimama kando ukiangalia rimu iliyopinda. Anayejua kipande cha barabara kilichotobolewa na matrela baada ya masika hahitaji kuelezwa zaidi.

Hata buti inasema. GTI hubeba lita 380. R hubeba 343, kwa kuwa mitambo ya ekseli ya nyuma imekula nafasi. Tofauti hiyo inakaribia madebe mawili. Kwa familia inayonunua unga, mafuta ya kupikia na mtungi wa gesi mara moja kwa mwezi, madebe mawili ni kitu.

Kwenye mafuta nitasema ukweli: tofauti ni ndogo. Kwa vipimo rasmi vya kiwanda, R huzidi GTI kwa takriban nusu lita kila kilomita 100. Msongamano wa Mlolongo utazifanya zote zinywe kupita kiasi, na mwenye kutafuta nafuu ya petroli asingekuwa kwenye ubishi huu. Ila mtengenezaji wa R hupendekeza petroli ya oktani 98, na pampu zetu za kawaida haziuzi hiyo. Baadhi ya farasi unaowalipia hawatatoka zizini.

Wanaoitetea R wasikilizwe

Sitaki kumdhulumu mtu. Kwenye lami iliyolowa, R hutulia kwa namna ambayo GTI haiwezi. GTI ikikanyagwa ghafla kwenye makutano yenye maji, magurudumu ya mbele huteleza na usukani huvuta. Anayesafiri mara kwa mara kwenda Loitokitok au Arusha kwa biashara, msimu wa mvua, ana sababu ya kuipenda R. Mwenye gari jingine nyumbani, Probox ya kazi au Prado ya matope, naye hana shida. R itakuwa gari la raha, na raha si dhambi. Hali kadhalika anayependa mashindano ya muda ya lami, kama Kiamburing TT kule Kiambu. Huko kila farasi ana kazi.

Lakini hao ni wachache, na sauti yao ndiyo inayosikika zaidi. Kila mwamba ngoma huvutia kwake: muuza gari atasifu lenye faida kubwa, mwenye R atasifu R, na kijana wa mkopo wa kwanza atabeba sifa hizo hadi kwenye kamati ya chama. Ninaloomba ni kijana huyo apime kwa safari yake mwenyewe. Heri kenda shika kuliko kumi nenda rudi.

Kabla ya kutoa pesa

Kuna jambo lililo kubwa kuliko GTI na R, nalo ni hali ya gari lenyewe. R iliyotunzwa ni bora kuliko GTI iliyopigwa. Ukipenda boga, penda na ua lake: magari haya yanataka matunzo ya tarehe, na mwenye kuahirisha hulipa mara mbili.

Omba rekodi ya matengenezo. Giaboksi ya kujiendesha, iitwayo DSG, ile ya gia sita, hubadilishwa mafuta kila kilomita 60,000. Ikiwa muuzaji hajui ni lini yalibadilishwa, chukulia hayajabadilishwa. Kwa R, mafuta ya Haldex nayo hutaka kubadilishwa kila miaka mitatu, na hii ni kazi ambayo wamiliki wengi hawajui ipo. Pampu ya Haldex ikifa kimya kimya, umebaki na GTI nzito uliyoilipia bei ya R.

Fika asubuhi kabla injini haijawashwa, uisikilize ikiamka baridi. Fungua boneti uangalie kiwango cha maji ya kupozea na mabaki ya rangi ya waridi yaliyokaukia karibu na pampu, kwani nyumba ya plastiki ya pampu na themostati kwenye injini hizi inajulikana kwa kuvuja. Pitisha kidole ukingoni mwa kila rimu ukitafuta mahali palipopinda na kunyooshwa. Lipande gari kwenye shimo la fundi uone tumbo: kinga iliyofungwa kwa waya inakusimulia barabara ilizopita. Uliza kama programu ya injini iliwahi kuongezwa nguvu. GTI inaweza kupandishwa hadi karibu na nguvu za R kwa kompyuta tu, na wengi wamefanya hivyo, lakini klachi, giaboksi na petroli hubaki zile zile, na atakayelipa ni mnunuzi wa pili.

Halafu mpeleke fundi anayezijua Volkswagen, mwenye mashine ya kusoma hitilafu, na umlipe kwa kazi hiyo hata kama hutanunua. Elfu chache za ukaguzi zimewaokoa watu laki kadhaa.

Kijana wa Kitengela aliyefika mahali pa kuchagua kati ya magari haya mawili amefanya kazi kwa bidii, na anastahili gari linalompa tabasamu anapotoka Isinya barabara ikiwa nyeupe. GTI itampa tabasamu hilo. Tafuta iliyotunzwa, ikiwezekana Performance, ivike tairi nzuri, lipia bima kamili, badilisha mafuta kwa wakati, na tofauti iliyobaki iwekeze pale nyumba yako inapovuja. Kamati ya mikopo ikikuuliza kwa nini hukuchukua kubwa, waeleze kwamba umepiga hesabu ya barabara unayoipita na watu unaowalisha, na hesabu hiyo imekuja sawa.